Siku Niliyovaa Helmeti Baharini

Wanakundi, hadi leo mchana nilikuwa naamini hivi. Zile boti nyeupe za matanga, pale mbele kabisa chini ya tanga, pana kitu cha mviringo kama bobini ya cherehani, ila kikubwa kama sufuria ya pilau. Ndani yake, nilikuwa naamini, kuna springi. Springi ya chuma, imejikunja kama chatu aliyeshiba. Ukiinyoosha inatoka hapa Mikindani inafika Naliendele, na inabaki ya kufungia mbuzi. Kazi yake kulikunja tanga. Na ukifungua kifuniko chake ovyo, inaruka. Kuna jamaa wa Msimbati ilimbeba ikamvusha Ruvuma, akatua Msumbiji bila pasi ya kusafiria. Askari wa kule walipomuuliza ameingilia wapi, akaonesha juu.

Niliambiwa hayo kijiweni na mtu aliyevaa miwani. (Mtu wa miwani ukimkatalia, utamkubalia nani?)

Basi leo nimeaibika. Nimeaibika hadi nimebakiwa na aibu ya kuwagawia ndugu. Na kwa kuwa mchumba wangu Somoe alikuwa na simu mkononi muda wote, na video najua itatua humu kabla ya magharibi, bora niisimulie mwenyewe mkiwa bado mnanipenda.

Kwa wasiojua: tangu tuhitimu masomo yetu ya jioni, mimi natunza boti ya Dokta Anjela. Ni daktari wa meno, mtu wa Bukoba, alihamishiwa Mtwara kikazi akaipenda bahari kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Boti imetia nanga Mikindani, maji yametulia kama yako kwenye beseni. Kazi yangu ni kuiosha, kuchota maji yaliyoingia, na kuiangalia isiondoke na mtu. Kazi nzuri, kivuli kipo. Ila nyumbani kwao Somoe nilisema mimi ni fundi mkuu wa matanga ya kisasa, kanda ya kusini. (Matanga ni ya kisasa. Kusini ndiko niliko. Uongo uko wapi?)

Sasa kwao Somoe, kama kwetu wengi wa huku, baba anakukaribisha, mama anakulisha, lakini wa kusema ndiyo ni mjomba. Mjomba akisema hapana unakunja mkeka wako unarudi kwenu. Na jana jioni Somoe akanipigia.

"Sele, jiandae. Mjomba Ausi anakuja mjini kesho kwa mambo yake ya korosho. Akimaliza anapita hapo akuone ukiwa kazini."

"Karibu sana Mjomba."

"Usikaribishe haraka. Mama amemwambia wewe ni muongo."

"Muongo wa nini?"

"Hakutaja kimoja. Amesema kwa ujumla."

"Na Mjomba naye akiona hivyo?"

"Basi posa yako haipokelewi, Sele. Mimi nitalia, wewe utalia, na maisha yataendelea."

Nikalala vibaya. Asubuhi nikaamka nimejipanga: leo nitafanya kazi mpaka boti iniombe nipumzike.

Na kazi ikaja yenyewe. Dokta akatuma ujumbe kwamba mvua za juzi zimelilowesha tanga la mbele, nilifungue likauke kabla halijashika ukungu. Jambo jepesi. Tanga lile hukaa limeviringishwa kwenye waya mrefu wa mbele kama mkeka uliosimamishwa wima. Unakaa huku nyuma karibu na usukani, unavuta kamba moja, linajikunjua taratibu. Ukivuta kamba nyingine, ile inayotoka kwenye bobini, linajiviringisha tena. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi. (Mara mbili. Moja Dokta alikuwa ameshika.)

Nikavuta. Likatoka kiasi cha kanga moja. Likagoma.

Nikavuta tena. Wapi. Nikajaribu kulirudisha. Wapi. Likabaki hapo linaning'inia kama ulimi wa mbwa mchana wa jua, na Mjomba yuko njiani. Nikampigia Dokta. Kwa nyuma nilikuwa namsikia mgonjwa anasema "aaaa".

"Dokta, tanga limekwama."

"Limekwama linatoka au linarudi?"

"Pande zote mbili, Dokta."

"Usivute kwa nguvu, Selemani. Na winchi ya kukazia kamba usiiguse kabisa, utakata waya unaoshika mlingoti. Nenda mbele, fungua kifuniko cha bobini uone kama kamba imejikaba humo ndani. Ni skrubu tu. Nikimaliza jino hili nakuja."

Fungua kifuniko. Alisema hivyo kama anayesema fungua dirisha.

Nikajibu, "Sawa, Dokta." (Sisi bosi akitutuma jambo hatusemi siwezi. Tunasema sawa, halafu tunakaa chini.) Nikakaa chini.

Msicheke kwanza. Nani kati yetu aliyekulia kwenye mikorosho hajaiona mashine ya kupulizia salfa ikifunguliwa pale kwenye kamba ya kuwashia? Si mnaikumbuka? Kamba imezungushwa kwenye kigurudumu, na nyuma ya kigurudumu springi imejikunja inasubiri mtu asiyejua. Ukitoa kifuniko tu, chwiii! Shemeji yangu wa Mtawanya ilimng'oa jino akiwa anamtukana jirani, na tusi halijakamilika mpaka leo. Sasa bobini ya Dokta nayo ni hivyohivyo: kamba imezungushwa kwenye kigurudumu. Ukiivuta kitu kinazunguka. Tofauti ni ukubwa. Kama ile ya mashine ya mgongoni inang'oa jino, hii ya kukunja tanga zima si itang'oa ukoo?

Na fizikia ninayo, mnajua. Mwalimu wetu alifundisha nguvu ya springi jioni ile umeme ulipokatika. Nusu ya kwanza niliiandika, nusu ya pili niliisikiliza gizani. Nilichobaki nacho ni kwamba springi ikikandamizwa inakasirika, na hasira yake inaongezeka kadiri unavyoikandamiza. Hii ya Dokta imekandamizwa tangu boti ilipotengenezwa Ulaya huko.

Nikiwa bado nimekaa, bodaboda ikasimama ufukweni. Somoe akashuka na gauni jipya la njano. Nyuma yake akashuka Mjomba Ausi, mkulima wa Mpapura, kanzu nyeupe inayoumiza macho, kofia ya mkono, na mfuko wa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini. Nikawafuata na kile kiboti kidogo cha mpira.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hii boti ni yako?"

"Naisimamia, Mjomba."

"Sikukuuliza hivyo."

(Mwanzo mzuri.)

Kabla hatujaondoka, jicho langu likaangukia helmeti ya dereva wa bodaboda. Nyekundu, na kioo chake cha mbele. Moyo ukaniambia hiyo.

"Kaka, niazime helmeti yako kidogo."

"Una pikipiki humo majini?"

"Nafungua springi ya tanga. Ni kubwa. Inaweza kuruka."

"Kuruka mpaka wapi?"

Nikamweleza kwa ufupi. Hapo ndipo nilipokosea. Dereva wa bodaboda ukimweleza kwa ufupi, yeye anawaeleza wenzake kwa urefu.

Tukafika kwenye boti. Mjomba akapanda kwa heshima zake, akaketi karibu na usukani, akauweka mfuko wa ming'oko pembeni, akanitazama.

"Kijana, mimi sina maneno mengi. Dada yangu anasema wewe ni muongo. Mimi simhukumu mtu kwa kusikia. Nitakaa hapa nikutazame. Nikiona kazi, nampigia simu namwambia nimeona kazi. Nikiona maneno, nampigia vilevile."

"Sawa, Mjomba."

"Haya. Fanya."

Somoe akaniinamia sikioni. "Sele, leo usiongeze chumvi. Hata punje."

"Sitaongeza."

"Niapie."

"Wallahi tena."

Ndugu zangu, nilikuwa na nia. Lakini bobini iko pale mbele inanitazama, Dokta amesema fungua, Mjomba amesema fanya. Nikaingia chumbani kwenye boti kujiandaa. Nikavaa jaketi la kuokolea. Juu yake nikajifunga godoro la Dokta, lile jembamba la sponji, kamba moja kifuani, nyingine kiunoni. Helmeti kichwani, kioo nikakiteremsha. Mkono wa kushoto nikashika mfuniko wa sufuria, wa kulia bisibisi. Nikatoka.

"Sele," Somoe akasema, "unakwenda kupika au unakwenda vitani?"

Mjomba hakucheka. "Kijana. Hayo yote ni ya nini?"

Nikainua kioo. Nikamweleza yote: bobini, springi, kifuniko, yule wa Msimbati. Nikamweleza na fizikia, ile nusu niliyonayo. Nilitegemea aseme huu ndio uongo wenyewe. Badala yake nikaona macho ya Mjomba yanapanuka.

"Kama ile ya mashine ya salfa?"

"Ile ni mtoto, Mjomba. Hii ndiyo mama."

"Ile yangu iliwahi kutoboa bati la ghala."

"Hii haitoboi bati. Hii inaondoka nalo."

Mjomba akaitazama bobini upya, kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata kwake. "Na ikitubeba, inatufikisha wapi?"

"Kwa utulivu wa leo, Mjomba... ng'ambo ya Ruvuma."

"Mimi sina pasi."

"Ndiyo maana nakuomba ulale chini."

Mjomba wa watu akakusanya kanzu yake. Akalala kifudifudi kwenye sakafu ya boti, polepole, kama mtu anayejiweka kwenye mizani. Ming'oko akailalia. (Nadhani aliona kama tunakwenda Msumbiji, tufike na chakula.)

"Somoe, na wewe lala," Mjomba akasema kutoka sakafuni.

"Mjomba, gauni hili nimelishonesha kwa ajili ya leo. Kama ni kufa nitakufa nimesimama." Akatoa simu akaanza kurekodi.

Mimi kama fundi mwenye kujali watu, nikasimama ubavuni mwa boti nikawapigia kelele wa ufukweni. "Tokeniii! Sogeeni mbali! Nafunguaaa!"

Sikuwa na haja ya kurudia. Dereva wa bodaboda alishafanya kazi yake. Ufukwe ulisombwa, jamani! Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa walikunja mikeka na dagaa ndani yake. Kinyozi alikimbia na mashine, na mteja wake akamkimbiza nyuma akiwa amenyolewa upande mmoja, anaomba amaliziwe. Wanywaji wa uraka, ile pombe ya mabibo, waliokuwa wamelala chini ya ukuta walinyooka wakatembea mstari mmoja kama wanafunzi wa chekechea. Hata mbuzi wa pale, ambao hawatoki kwa fimbo wala kwa jiwe, walitoka.

Nikabaki mimi na bahari. Nikajilaza kwenye ncha ya boti, mfuniko wa sufuria mbele ya uso, bisibisi nimeinyoosha kwa urefu wote wa mkono. Skrubu ya kwanza ilikuwa na kutu na kiburi. Nikaibembeleza. Jasho likajaa ndani ya helmeti, kioo kikashika ukungu, nikawa naiona dunia kama niko ndani ya glasi ya maziwa.

"Imetoka?" Mjomba akauliza kutoka sakafuni.

"Bado, Mjomba."

"Ukitaka kutoa useme, nifumbe macho."

"Nitasema."

Sikupata nafasi ya kusema. Skrubu ikalegea ghafla, ikaruka kutoka kwenye tundu lake, ikaanguka kwenye sakafu ya boti.

Ting!

Ndugu zangu, sikumbuki kuamua. Nilijikuta hewani. Somoe anasema nilitoa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa mwanaume wala kwa mwanamke, labda kwa kanga akikanyagwa. Nikatua majini, chubwii, na mfuniko wangu mkononi.

Godoro likaanza kunywa. Lilikunywa kama lilikuwa na kiu ya mwaka. Jaketi likasema twende juu, godoro likasema twende chini, mimi nipo katikati nawasikiliza wote. Helmeti ikajaa maji. Nikatoa shahada mle ndani kwa sauti kubwa, ikanirudia masikioni kama niko kwenye msikiti mpya usio na mazulia. Nikasubiri springi ipite juu yangu.

Haikupita. Nikasikia sauti ya Mjomba: "Somoe! Imetoka?"

"Ametoka yeye, Mjomba. Springi ipo."

Haya ya ufukweni nimesimuliwa baadaye. Dokta Anjela alifika wakati huohuo, akakuta ufukwe mtupu kama Iddi imehamia kijiji kingine. Dereva wa bodaboda amejibanza nyuma ya ukuta.

"Dokta usisogee! Boti yako ina bomu!"

"Nani kasema?"

"Fundi mwenyewe. Ameazima helmeti yangu."

(Mimi nilisema springi. Ilikuwa bomu ilipofika kwenye ukuta. Sitaki kujua ilikuwa nini ilipofika stendi.)

Dokta akavua viatu, akachukua mtumbwi mmoja uliokuwa umekimbiwa na mwenyewe, akapiga kasia. Mtu wa ziwa, mnajua. Akaja taratibu, akasimama karibu yangu. Mimi nimeelea, nimeshika mfuniko.

"Selemani."

"Naam, Dokta."

"Hilo si godoro langu?"

"Ndilo, Dokta."

Akaniangalia kidogo, kama anayetafakari jino lipi lianze. Akapanda botini. Akamkuta mzee mwenye kanzu amelala kifudifudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lala chini upesi, bado haijatoka."

"Haijatoka nini?"

"Springi."

Dokta akamgeukia Somoe. Somoe alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja na mabega yanatikisika. Dokta akaniamuru nipande. Nikapanda, mimi na lita zote za Mikindani zilizokuwa ndani ya godoro. Akaenda mbele, hakuitazama bobini kabisa. Akainua uso akatazama juu. Akatazama kwa muda, mdomo umefunguka kidogo, kama yeye ndiye mgonjwa.

"Selemani, njoo. Tazama kule juu."

"Siwezi, Dokta. Helmeti imekaza, shingo haiinuki."

Somoe akaja akaichomoa kwa mikono miwili. Maji yakamwagika, na samaki wawili watatu. (Sawa. Maji tu.)

Nikatazama juu. Kule karibu na kilele cha mlingoti kulikuwa na kamba imezunguka tanga, raundi juu ya raundi, imekaza kama kilemba cha bwana harusi. Tanga lingezungukaje? Limefungwa mkanda.

"Hii ni kamba ya akiba ya kupandishia matanga," Dokta akasema. "Mahali pake ni pale kwenye mlingoti. Nani ameileta huku mbele?"

Hapo, wapendwa, nikaona miguu yangu inavutia sana, nikaitazama.

Kamba ile kulikuwa hakulaliki nayo. Upepo ukija kidogo, inapiga mlingoti ngo, ngo, ngo, mchana kutwa. Wiki iliyopita nikaihamisha, nikaifunga mbele kwenye chuma cha ncha ya boti. Kukawa kimya kizuri. Nikalala usingizi ambao sijalala tangu nizaliwe. Kumbe nimeileta jirani na tanga, na imelegea. Asubuhi tanga lilipoanza kuzunguka, likaikamata kule juu likajifunga nayo lenyewe.

"Ni mimi, Dokta."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inapiga kelele. Inasumbua... majirani."

"Majirani gani? Samaki?"

Somoe akakaa chini. Lile gauni alilotaka kufa nalo amesimama, akakaa nalo kwenye maji yangu, anacheka mpaka simu inacheza mkononi.

Dokta akaizungusha bobini kinyume kwa mkono, polepole, mpaka kilemba kikalegea. Akaifungua kamba yangu ya usingizi akairudisha kwenye mlingoti. Akaniambia nivute kule nyuma. Nikavuta kwa vidole viwili. Tanga likatoka lote, jeupe, kimya, likasimama juani kama hakuna kilichotokea.

Watu wakaanza kurudi ufukweni. Kinyozi alikuwa mbele kumalizia kichwa chake.

"Mzee, amka sasa," Dokta akamwambia Mjomba.

"Bado bobini."

Dokta akaomba bisibisi. Akazitoa skrubu zilizobaki moja baada ya moja kama anayemenya ndizi. Akashika kifuniko. Mjomba akafumba macho. Mimi (mseme mtakavyo) nikasimama nyuma ya Somoe. Dokta akanyanyua kifuniko, akaingiza mkono, akautoa ukiwa na vidole vyote.

"Lete mkono wako, mzee."

Mjomba akaamka. Akaingiza mkono kwenye bobini. Akapapasa huku, akapapasa kule, kama anayetafuta funguo kwenye mfuko wa koti la mtu mwingine. Akautoa. Akaufuta kwenye kanzu, ambayo kwa wakati huo haikuwa tena ya rangi ya kuogopa uchafu.

"Kumbe ni kamba," akasema.

Dereva wa bodaboda akapaza sauti kutoka ufukweni. "Fundiii! Bomu limeteguliwaaa?"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Ufukwe mzima, jamani. Hata mbuzi walikuwa wamesimama wananitazama. Na mimi nimesimama mbele ya mjomba wa mchumba wangu, nimefungwa godoro, natiririka kama paa la nyasi.

Mjomba akatoa simu yake ndogo kwenye mfuko wa kanzu, akaipiga, akaishika mbele ya mdomo kwa sauti ya juu, kama wanavyofanya watu wasioamini kwamba simu inasikia.

"Dada. Niko naye hapa."

"Haya, niambie," mama yake Somoe akajibu. "Ni muongo au si muongo?"

Somoe akaacha kucheka. Akasimama. Akanishika mkono, akauona umelowa, akaushika hivyohivyo.

"Springi hakuna," Mjomba akasema.

"Springi gani tena?"

"Alisema kuna springi. Nimeingiza mkono mwenyewe, hakuna."

"Si nilikwambia! Si nilikwambia huyo kijana..."

"Subiri, dada. Springi hakuna. Lakini helmeti alivaa. Godoro alijifunga. Na alipodhani imetoka alijitupa baharini bila kutazama kina, nikamsikia kwa masikio yangu anatoa shahada humo majini. Sasa niambie. Muongo anavaa helmeti?"

Kule upande wa pili mama akaguna.

"Muongo anakutisha wewe, yeye anakaa pembeni anakula ming'oko," Mjomba akaendelea. "Huyu alitaka kufa mbele yetu. Ameniambia mimi nilale, yeye ndiye akaenda mbele. Kitu hakipo, ila yeye alikuwa anakiona. Na mimi nilikiona pia, usinicheke, nimelala hapa chini na kanzu ya Ijumaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si muongo. Ni mtu anayeamini anayoambiwa. Somoe akiwa anamwambia kitu cha kweli kila asubuhi, atafaa."

"Na ule ufundi wake?"

Mjomba akanitazama. Akalitazama godoro.

"Ufundi hana. Hilo lisisemwe tena. Lakini posa alete."

Nikataka kuruka kwa furaha, nikakumbuka nimeruka ya kutosha leo. Somoe akauminya mkono wangu mpaka ukatoa maji. Mjomba akafungua mfuko wake, ming'oko ilikuwa imelaliwa ikawa bapa, akaigawa hivyohivyo, na Dokta akaketi akala naye. Mjomba akamsimulia habari za mashine za salfa na meno ya watu. Dokta akasema sasa ameelewa kwa nini kila msimu wa kupulizia anapata wagonjwa wale wale wa meno ya mbele.

Mimi nilikuwa nalikamua godoro, kona kwa kona. Lakini roho haikutulia. Kama ndani ni kamba tu, nani basi analikunja tanga? Nikaona nikiondoka bila kuuliza, kesho mtu wa miwani atanijibu.

"Dokta, samahani. Sasa lile tanga linajikunjaje?"

Dokta akafuta mikono. Akasema polepole, kwa ile sauti anayowapa wagonjwa kabla ya sindano:

"Selemani, haina springi, na haijawahi kuwa nayo. Tanga likifunguka, kamba inajizungusha kwenye bobini. Ukiivuta kamba, bobini inazunguka, inauzungusha na ule waya, tanga linajikunja. Anayelikunja ni wewe, kwa mkono wako. Likigoma, acha kuvuta, halafu tazama juu."